Muhogo wa Usiku Mmoja

Kabla miguu yangu haijakakamaa nilikuwa mwanamke wa haraka, na nilijisifu kwa hilo. Nyumbani kwetu Songo, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, jua likichomoza, mume wangu Byamungu alikuwa ameshakunywa uji na kwenda bandarini, binti yangu Furaha ameshakula na kunawa mdomo, nami nimeshaosha sufuria. Majirani walikuwa bado wanapuliza moto. Kabla ya uhuru masista walikuwa na nyumba ya kutufundishia sisi wake za makarani kushona na kupika, na huko walituambia mtoto asiende shule na tumbo tupu. Neno hilo nililishika, nikaliongezea langu: wala asichelewe.

Ninaandika haya kwa akina mama wanaopika asubuhi mbiombio, hasa wale ambao vita imewafanya wapike hivyo. Nitasema nilivyougua, na nitasema jambo baya nililomfanyia mama mkwe wangu, Salome, kwa sababu ya ugonjwa huo. Ukiona nachelewa kulifikia la pili, ni aibu tu.

Uhuru ulikuwa na miaka michache uasi ulipofika Uvira. Vijana walichukuliwa na waasi, na wasiochukuliwa walipigwa risasi na wanajeshi kwa kudhaniwa waasi. Byamungu akavuka kwenda Burundi. Mimi nikambeba mgongoni mtoto wangu mdogo, Ombeni, aliyekuwa bado ananyonya, nikamshika mkono Furaha aliyekuwa na miaka minane, na pamoja na mama mkwe tukakimbilia kijiji cha Lubarika, uwandani, kwa Baba Rubeni, mdogo wake marehemu baba mkwe. Alitupa kibanda nyuma ya nyumba yake na mistari kadhaa ya muhogo shambani. Kwa hilo sitamsema vibaya.

Wanajeshi walikuwa na tabia ya kuja asubuhi. Kwa hiyo kila siku, kabla watu hawajaonana sura, kijiji kizima kilihamia kwenye matete ya mto Ruzizi na kukaa humo mpaka jioni. Moto haukuwashwa huko, moshi ungetuuza. Alichokula mtoto alfajiri ndicho alichoshinda nacho. Na chakula chenyewe kilikuwa kimebaki kimoja. Ziwa lilikuwa limefungwa, wavuvi hawaingii, ndagala, yaani dagaa, hazipandi tena kuja uwandani. Maharage tulikuwa tumekula mpaka yale ya mbegu. Ulibaki muhogo, tena ule mchungu.

Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba muhogo mchungu haupikwi hivihivi. Unaumenya, unauzamisha kwenye maji yaliyotulia, unaukandamiza kwa mawe, unauacha ulale humo siku tatu au nne mpaka ukiuminya unabonyea na harufu inakupanda puani. Ndipo unautoa, unauanika, unautwanga. Lakini vidimbwi vya kulowekea vilikuwa kando ya njia, na kila kundi lililopita, la waasi au la serikali, lilikuwa na njaa. Mara mbili nilikwenda kuutoa wangu nikakuta mawe tu.

Basi nikatumia ujanja wangu wa Songo. Niliukata vipande vyembamba, nikauloweka usiku mmoja ndani ya chungu humo humo kibandani, nikauanika juu ya paa siku moja, nikautwanga ukiwa bado na unyevu. Alfajiri nikakoroga uji. Hesabu kamili: tangu kuwasha moto mpaka mtoto kushiba, maji hayajakauka mikononi. Wanawake wawili wa jirani walikuja kujifunza, nikawafundisha kwa majivuno yote.

Mama Salome aliuonja mara moja akautema.

“Weye, huu muhogo haukulala.”

“Ulilala usiku moja, mama. Vita haingoje siku ine.”

“Minye sikule hii.”

“Usikule. Itabakia ya batoto.”

Nikacheka. Furaha naye akacheka, kwa sababu mama yake amecheka. Siku chache baadaye alirudia kusema, nikamjibu kwamba mambo ya bibi wa zamani yaliondoka pamoja na Wabelgiji. Hakusema tena. Akawa anakula ndizi mbichi za kuchoma na majani ya viazi aliyochuma mwenyewe, akitupa mgongo. Kuna asubuhi kichwa kilinizunguka baada ya uji, na Furaha alitapika. Nikasema ni njaa. Wakati ule kila kitu kilikuwa njaa.

Mwisho wa kiangazi, asubuhi moja, niliinuka na Ombeni mgongoni ili tukimbie na wenzetu. Magoti yakajifunga. Hayakuuma. Yalikataa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilianguka kifudifudi, mtoto akalia juu yangu, na watu wakaendelea kupita. Nilijipapasa nikitafuta damu, nikijua nimepigwa risasi. Hapakuwa na damu. Aliyerudi kunichukua ni Mama Salome. Alimfungua Ombeni, akampa Furaha, akaniburuta kwa makwapa mpaka kwenye matete, mwanamke wa umri ule, huku akinitukana kwa Kifuliiru nisije nikalala.

Siku kumi na moja baadaye Furaha hakuweza kusimama. Mwezi haujaisha, wale wanawake wawili niliowafundisha wakaanguka nao, mmoja leo na mwenzake keshokutwa.

Baba Rubeni akaita watu uani. Nililetwa na mkeka wangu. Hapakuwa na mtu aliyesema habari ya muhogo, kwa kuwa wengi pale walikuwa wanakula muhogo. Swali lilikuwa moja.

“Minye nauliza kitu kimoja,” alisema. “Juu ya nini Salome hakule ile uji? Hata siku moja! Bote banakula, yeye anachoma ndizi. Alikuwa najua nini?”

Macho yote yakamgeukia Mama Salome. Kisha Baba Rubeni akanigeukia mimi.

“Weye mwenye mwili, sema.”

Nikasema, “Alikataa mara mbili. Alisema hatakula.” Hilo lilikuwa kweli, na nilijua kabisa watalifanyia nini. Mtu mmoja akauliza kama nadhani ni yeye aliyeniloga. Nilikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, mtoto wangu alikuwa amelala kando yangu miguu imenyooka kama vijiti. Nikasema, “Ni yeye.”

Mama Salome aliinuka. Alimtazama Furaha, akainama, akamfunika miguu kwa kitenge chake mwenyewe, akatoka na nguo aliyovaa. Tulisikia baadaye kwamba alipita Uvira akapanda milimani Bijombo, kwa binti wa dada yake aliyeolewa huko juu. Usiku ule nililala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulingoja kupona. Mchawi ameondoka, miguu irudi. Mganga alinichanja magotini na nyuma ya mapaja akapaka unga mweusi. Mvua za kwanza zikanyesha, makovu yakapona, miguu ikabaki vile vile. Akachimba shimo, akapasha mchanga moto, akatufukia mimi na Furaha mpaka kiunoni, tukilia kama tunaopikwa. Hakuna. Na kila alfajiri tuliendelea na uji ule ule, maana jirani mwingine aliyeanza kutupikia nilipoanguka alifuata njia niliyomwonyesha. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, mwanamke wa tatu wa kijiji akaanguka. Mama Salome alikuwa ameshaondoka miezi kadhaa. Hilo niliona, nikalisukuma kando.

Barabara ilipofunguliwa kidogo, tulibebwa kwa kipoyi, kile kiti cha mianzi cha watu wanne, mpaka lopitali moja ya misheni. Tulikaa barazani siku mbili kabla ya kuitwa. Benchi lilikuwa refu, la saruji, na baridi yake iliingia mpaka mfupani. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ugonjwa huu ni wa kijiji chetu tu. Halafu nikaona wanaoitwa wanavyoinuka. Mwanamke wa kwanza alikwenda kwa vidole vya miguu, magoti yakisuguana, fimbo mbili mbele. Wa pili vile vile. Kisha msichana wa umri wa Furaha. Nilihesabu tisa nikaacha. Wote walikuwa na miguu kama yangu, na hakuna hata mmoja niliyemjua.

Anfirmiye, muuguzi mwanamume, mfupi mwenye kikohozi, alipita na fishi zake, kadi za wagonjwa, akiuliza kila mmoja mambo mawili. Ndagala mulikula lini mara ya mwisho? Muhogo muliloweka siku ngapi?

“Moja,” alisema wa kwanza.

“Usiku moja.”

“Moja. Baliniibia kwa kidimbwi.”

“Moja.”

Ikafika zamu yangu, nikasema moja. Nikamwuliza, “Muganga, ni nani alitufanyia hivi?”

“Hakuna muntu, mama. Ni muhogo. Haukulala.”

Alisema hivyo hivyo. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Alikuwa ameshafika kwa mgonjwa mwingine wakati Furaha aliponivuta mkono.

“Mama, Bibi alisema hivyo.”

“Nyamaza.”

“Lakini alisema.”

Nililia pale kwenye benchi mbele ya watu, na waliokuwa karibu walidhani nalilia miguu. Wakanifariji. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko yote.

Tulikaa huko kiangazi kizima. Ugonjwa una jina, konzo, lakini barazani tuliuita ugonjwa wa miguu tu. Waliniambia wazi: tukiacha muhogo ule hautaongezeka, lakini kilichokwisha kukakamaa hakitalegea tena. Kila asubuhi tulishika miti miwili iliyolazwa sambamba tukaenda na kurudi. Kiatu changu kiliisha mbele tu, kisigino kikabaki kipya. Sikuweza kuchuchumaa, kwa hiyo kwenda chooni kulikuwa kazi ya watu wawili, na mimi niliyekuwa sipendi kuguswa nilizoea kuguswa. Ombeni alijifunza kutembea kwa kunifuata, kwa sababu mimi sikuweza kumfuata.

Nisiwe mnyimi wa shukrani. Mama Esta, mvuvi wa ukingoni mwa ziwa aliyelala kitanda cha jirani, alinionyesha jinsi ya kufunga kitenge kisinaswe na magoti. Alinifundisha pia kucheka nikianguka, ingawa si kila mara. Na barazani pale, sisi wanawake wa haraka, tulijadiliana mpaka tukapatana: kazi ya asubuhi ifanywe jana. Chemsha viazi vitamu jioni, mtoto avile vikiwa baridi na karanga. Bakiza maharage. Saga ndagala kavu uweke ndani ya uji, hata kijiko kimoja. Na unga wa muhogo uwe umeshakaa ndani ya chombo kabla njaa haijafika, unga unaoujua ulilala siku ngapi majini. Usipoujua, mpe mtoto ndizi.

Kiangazi kikaisha. Tulirudi Songo, Furaha akiwa na fimbo mbili, na mvua zilipokatika tena alikuwa amebaki na moja. Mimi zangu ni mbili mpaka leo.

Byamungu alirudi Songo kutoka Burundi wakati ule. Alinitazama miguu, akaenda kulala chumba kingine, akisema asije akaniumiza. Nilivumilia wiki moja, kisha nikamwambia yote, la uji na la mama yake. Alikuwa anajua mama yake yuko Bijombo, hakuwa anajua ni kwa sababu gani.

“Ulifukuzisha mama yangu juu ya uji yako,” alisema.

“Ndiyo.”

Hakunipiga. Alikaa nje mpaka jioni. Kesho yake alimtuma mtu kwa Baba Rubeni kueleza maneno ya anfirmiye, ili jina la mama lisafishwe pale lilipochafuliwa. Jibu likarudi: mgonjwa kumtetea mulozi wake ni jambo la kawaida, ndivyo waliologwa wanavyofungwa. Byamungu akapanda mwenyewe Bijombo. Akarudi peke yake.

“Anakohoa,” alisema. “Hataki kushuka. Anasema Baba Rubeni alisema kweli.”

Sikuelewa. Nilijua tu kwamba maneno hayo siwezi kuyaacha huko mlimani. Niliomba wanaume wanne wa kanisa letu wanibebe. Siku mbili, kipoyi kikipanda kimeinama, mimi nikiwa nimeshika mianzi kwa mikono miwili nikitazama ziwa likizidi kuwa dogo chini yetu. Huko juu ni nchi ya ng’ombe na ukungu. Mama Salome alizaliwa ukingoni, hakuwahi kuhitaji blanketi kabla ya huko. Nilimkuta amejifunika blanketi la kuazima, ameketi karibu sana na moto hata nguo yake imeungua upindoni, amekonda, kifua kinalia kama chungu kinachochemka.

Sikuweza kupiga magoti, magoti yangu hayapigwi. Nilijiangusha chini kando yake.

“Mama, ni muhogo. Mulikuwa na haki. Minye nilidanganya watu.”

Alivuta upindo wake mbali na moto.

“Haukudanganya yote,” alisema. “Minye nilijua ule muhogo iko mubaya. Nilisema mara mbili, ukanicheka. Nikasema basi, bakule. Nikanyamaza juu ya hasira. Furaha anakula mbele yangu kila asubuhi, minye nageuza mugongo. Sasa mulozi ni nani?”

“Haiko mulozi, mama. Mupishi ni minye.”

“Na minye ni nyanya yake.”

Nililia, naye hakulia. Alichochea moto. Kisha akauliza, “Anatembea?”

“Na fimbo moja.”

“Asubuhi anakula nini?”

Nikamwambia viazi, na siku nyingine uji. Unga Byamungu hununua sokoni.

“Ya soko?” Alinigeukia kwa mara ya kwanza. “Nani aliloweka? Siku ngapi?”

Sikujua. Baada ya yote yale, baada ya benchi na miti miwili na maneno yangu mengi ya hekima barazani, tangu nirudi Songo sikuwa nimemwuliza mwuzaji hata mara moja. Soko lilikuwa karibu na nilikuwa nimechoka. Mama Salome alilitupa blanketi akataka kusimama, kikohozi kikamkalisha.

Wabebaji walikuwa wanne, kipoyi kimoja. Hakuna aliyelazimika kusema. Asubuhi niliwaambia, “Mumubebe mama. Minye nitangoja, mutarudi kunichukua.” Alipokuwa anafungwa kwenye kiti hakuniaga. Aliuliza kama Songo kuna chungu kipana.

Walipaswa kurudi baada ya siku tano. Siku ya nne milio ya bunduki ikasikika chini, njia ikafungwa, nami nikakaa Bijombo wiki saba, nikila viazi na maziwa ya watu, bila habari.

Wabebaji waliponirudisha Songo nilikuta kaburi nyuma ya nyumba, udongo wake umeshakauka. Mama Salome aliishi siku kumi na tisa baada ya kushuka. Furaha alinieleza. Bibi alilala kwenye mkeka uani, Furaha akawa mikono yake. Alimmenyesha muhogo, akamwambia aujaze maji, kisha kila siku alikuwa anadai aletewe kipande aminye mwenyewe. Siku ya tatu alikataa. Siku ya nne alikataa, baridi ya usiku wa kiangazi imepoza maji. Siku ya tano alisema utoe. Wakaanika, wakatwanga, wakachekecha, wakaanza mwingine. Alikufa wa tatu ukiwa bado majini, na Furaha aliutoa mwenyewe siku ilipofika.

Baba Rubeni hakuja mazikoni. Alituma mtu kutuonya kwamba unga uliopitia mikono ya Salome umwagwe ziwani, chombo kivunjwe, na watoto wasiuguse.

Ulikuwa umejaa debe zima. Tuliula kila asubuhi, Byamungu, mimi, Furaha na Ombeni, mlango ukiwa wazi ili wapita njia waone, mpaka ukaisha. Hakuna aliyeugua.